UCHANGANUZI: Setilaiti huona ukame Marsabit mapema, pesa ndizo huchelewa

KATIKA nyanda za North Horr na Laisamis, mfugaji hangoji kuambiwa na afisa wa serikali kwamba ukame umebisha hodi. Huutambua katika mwendo wa ngamia anaporejea kutoka kisimani, katika maziwa yanayopungua, na katika bei ya mbuzi inayoporomoka sokoni huku bei ya unga ikipanda. Kinachomkera si ukosefu wa habari. Ni kwamba habari zikishafika Nairobi, pesa zinazostahili kurudi kwake huchukua safari ndefu kuliko ya lori la Moyale enzi zile barabara ilipokuwa ya changarawe.

Kaunti ya Marsabit ni miongoni mwa kaunti kubwa zaidi nchini kwa eneo, na sensa ya 2019 ilihesabu humo wakazi 459,785. Wengi wao, wawe Wagabra, Waborana, Warendille au Wasamburu, hutegemea mifugo kwa chakula, karo na matibabu. Mvua hutarajiwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Kufikia mwisho wa balaa hilo, zaidi ya mifugo milioni 2.5 walikuwa wamekufa katika maeneo kame ya Kenya, na watu milioni 4.4 walikuwa wakihitaji msaada wa chakula.

Kejeli ya mambo ni kwamba 2022 ndio mwaka ambao serikali ilikuwa imeahidi kuwa dharura za ukame zingekuwa zimekomeshwa. Ahadi hiyo ilitokana na kongamano la viongozi wa eneo hili lililofanyika Nairobi mwaka 2011, wakati Pembe ya Afrika ilipokuwa ikiteketea kwa njaa. Mwaka huo huo iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), ambayo baadaye ilipewa nguvu kwa sheria ya mwaka 2016. Wakosoaji wepesi husema ahadi hiyo ilikuwa porojo tupu. Hilo si kweli, na kulisema ni kuwanyima wafugaji somo muhimu kuliko yote: kwamba mbinu ya kuwalipa kwa wakati ipo, imewahi kujaribiwa papo hapo Marsabit, na ilifanya kazi.

Mbinu hiyo ni mpango wa kitaifa wa kutoa pesa kwa familia zinazokabiliwa na njaa, unaojulikana kwa kifupi kama HSNP. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000 katika wilaya za wakati huo za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kwa ufadhili mkubwa wa serikali ya Uingereza. Familia ilipewa Sh2,150 kila baada ya miezi miwili, kiasi kilichokadiriwa kwa kuangalia thamani ya mgao wa chakula cha msaada. Hoja ilikuwa rahisi. Ukimpa mama gunia la mahindi ambayo hakuyachagua, atauza sehemu yake kwa hasara ili anunue sukari, majani ya chai au dawa ya mtoto. Ukimpa pesa, mwenye duka wa Kalacha au Korr ataagiza bidhaa mwenyewe, na biashara itabaki kijijini.

Awamu ya pili, iliyoanza 2013, ndiyo iliyoleta mageuzi makubwa. Familia zote za kaunti hizo nne ziliorodheshwa, zaidi ya 374,000, na wengi wa wakuu wa familia hizo wakafunguliwa akaunti za benki, pamoja na wale ambao hawakuwa wakilipwa kitu. Maskini zaidi, takriban familia 100,000, waliingizwa katika malipo ya kawaida ambayo kufikia 2016 yalikuwa Sh5,400 kila miezi miwili. Waliosalia waliwekwa kando kama akiba, akaunti zao zikisubiri.

Zilikuwa zikisubiri setilaiti. Kila mwezi picha zinazopigwa kutoka angani hupima ukijani wa mimea katika kila kaunti ndogo na kuulinganisha na hali ya miaka iliyopita. Kielezo kikishuka chini ya 20, ukame huhesabiwa kuwa mkali, na malipo yanafaa kupanuliwa hadi kufikia robo ya familia zote za eneo hilo. Kikishuka chini ya 10, ukame ni wa kupindukia na nusu ya familia zinafaa kulipwa. Hakuna baraza la chifu linalohitajika, wala hakuna waziri anayelazimika kusafiri kwa helikopta akajionee mizoga. Nambari huteremka, na pesa hutumwa.

Malipo ya kwanza ya dharura ya aina hiyo yalitolewa mwaka 2015, na mengine yakafuata katika ukame wa 2016 na 2017. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kaskazini mwa Kenya, mfugaji ambaye hakuwa fukara wa kila siku, bali mtu wa kadiri anayeelekea kutumbukia, alilipwa na serikali kabla hajaanguka. Hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa halikutangazwa kwa mbwembwe.

Huenda ndiyo sababu lilikosa watetezi. Gunia la mahindi lina faida za kisiasa ambazo setilaiti haina. Hupakuliwa mbele ya kamera. Hupitia kwa chifu, diwani na mbunge, na kila mmoja huweza kudai kwamba bila yeye lisingefika. Pesa zinazoingia kimyakimya katika akaunti ya mjane wa Maikona hazimwachii kiongozi chochote cha kusema mazishini. Mwanasiasa hahitaji kuwa mwovu ili apendelee gunia. Inatosha awe anatafuta kura.

Kiasi chenyewe pia kinahitaji kutazamwa bila kutiwa chumvi. Mgao wa Sh5,400 kwa miezi miwili ni Sh2,700 kwa mwezi. Katika familia ya watu sita, hiyo ni Sh15 kwa kila mtu kwa siku. Katikati ya 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipanda na kupita Sh200, hata serikali ikalazimika kuishusha kwa muda hadi Sh100 kupitia ruzuku wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu. Kwa bei ya Sh200, mgao wa mwezi mzima ungenunua pakiti 13, na hiyo ni bei ya mijini, kabla ya kuongeza nauli ya kufikisha unga kwenye ukingo wa jangwa la Chalbi. Kwa hivyo pesa hizi haziwezi kuokoa mifugo. Kazi yake ni kumzuia mtu asiuze mbuzi wa mwisho kwa bei ya kutupa ili watoto wale jioni hiyo. Ni kazi ya maana, lakini ni ndogo kuliko jina lake.

Kuokoa mifugo kulikusudiwa kuwa jukumu la bima, na hapa pia Marsabit ilitangulia. Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), yenye makao yake Nairobi, ilizindua katika kaunti hiyo, pamoja na washirika wake, bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti. Bima ya kawaida isingewezekana. Kampuni gani ingetuma mkaguzi hadi Dukana akahesabu mizoga ya mbuzi, na angejuaje kwamba mzoga huo si ule aliokwisha kuuhesabu jana katika boma la jirani? Badala yake, setilaiti hupima malisho ya eneo zima, na malisho yakikauka kupita kiwango fulani, kila aliyelipia bima katika eneo hilo hulipwa, awe amepoteza ngamia kumi au hakupoteza hata kondoo.

Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011. Mwaka 2014, wafugaji 101 wa Wajir walilipwa na kampuni ya Takaful, ambayo bima yake hufuata sharia ya Kiislamu, na hivyo ikaondoa shaka ya wengi waliohofia kwamba bima ni riba au kamari. Mwaka 2015 serikali yenyewe iliingia uwanjani kwa mpango wa bima ya mifugo uliofahamika kama KLIP, ambapo Hazina ya Kitaifa ilimlipia mfugaji ada yote kwa mifugo mitano. Katika hesabu ya bima hiyo, ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi au kondoo kumi. Ulianzia Turkana na Wajir, na kisha ukaenea hadi kaunti nyingine, Marsabit ikiwemo. Februari 2017 ilitangazwa kwamba zaidi ya wafugaji 12,000 wangelipwa Sh214 milioni.

Ukigawanya kiasi hicho, kila mmoja alipata wastani wa chini ya Sh18,000. Huenda pesa hizo zisitoshe kununua ng'ombe mmoja aliyenona. Lakini kuzipima hivyo ni kukosea, kwani kufikia wakati huo lengo la bima lilikuwa limebadilishwa. Mwanzoni ililipa baada ya mifugo kukadiriwa kuwa wamekufa, ili mfugaji anunue wengine. Baadaye iliamuliwa ilipe mapema, malisho yanapokauka na mnyama angali amesimama, ili mwenyewe anunue nyasi, dawa na maji. Shilingi elfu kadhaa za nyasi mwezi wa Januari zinaweza kumwokoa ng'ombe ambaye Machi hata Sh30,000 hazitamfufua. Hapo ndipo tarehe ya malipo inapokuwa na uzito kuliko kiasi chake.

Bima hii ina kasoro yake ya kimaumbile, na wanaoiuza hawaisemi kwa sauti kubwa. Setilaiti huona wastani. Mvua ya Marsabit hainyeshi kwa wastani. Hunyesha bonde hili na kuliruka lile. Mfugaji anaweza kupoteza nusu ya kundi lake katika upande mmoja wa kaunti ndogo, huku nyasi zilizochipuka upande wa pili zikipandisha kielezo cha eneo zima na kumnyima fidia. Kwake huo ni utapeli, hata kama hesabu ni sahihi. Pia, picha ya angani haitofautishi vizuri kijani cha nyasi na kijani cha mathenge, mmea uliovamia maeneo mengi ya kaskazini na ambao maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Mtu aliyelipa ada kutoka mfukoni mwake misimu mitatu bila kupata kitu, kisha akakosa msimu wa nne mbuzi walipokufa, harudi tena kwa ajenti wa bima.

KLIP haikudumu. Mahali pake pamechukuliwa na mpango mwingine unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, DRIVE, ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa nchi za Pembe ya Afrika. Tofauti kubwa ni kwamba sasa mfugaji huchangia sehemu ya ada badala ya kulipiwa yote. Wataalamu wa fedha husifu hatua hiyo wakisema humfanya mfugaji awe mteja, si ombaomba. Hoja hiyo ina mashiko kwa mwenye ngamia 40. Kwa aliyebaki na mbuzi saba baada ya misimu mitano ya kiangazi, ada ndiyo mbuzi wa nane asiyekuwa naye.

Hata hivyo, tatizo sugu zaidi halimo angani bali katika daftari. Orodha iliyotayarishwa 2012 na 2013 iliendelea kutumika kwa miaka mingi kuamua nani alipwe. Katika muda huo vijana walioa, wazee walifariki, waliokuwa na mali wakafilisika na baadhi ya waliokuwa hohehahe wakainuka. Malalamiko ya kwamba jirani wawili wenye hali moja walitenganishwa, mmoja akilipwa na mwingine akiachwa, yalisikika tangu siku za mwanzo. Kwa mtaalamu wa takwimu, hilo ni kosa la kadirio, lisiloepukika. Katika manyatta, ni chanzo cha uhasama.

Wenyeji wamelishughulikia jambo hilo kwa njia yao. Waborana wana busa gonofa, utaratibu wa ukoo kukusanya mifugo na kumwinua aliyefilisika. Wagabra wana dabare, ambapo mwenye wanyama humkopesha asiye nao ili watoto wapate maziwa. Warendille nao hukopeshana ngamia jike. Katika desturi za namna hii, anayepata akala peke yake hupoteza zaidi ya alichopata, ndiyo maana wachunguzi wa HSNP walikuta pesa za mwenye kadi zikila na ndugu, jirani na mashemeji wasio na kadi. Mipango ya Nairobi huita hali hiyo kuvuja kwa msaada. Ukweli ni kwamba jamii husahihisha orodha ambayo serikali ilishindwa kuisahihisha. Lakini busa gonofa ina kikomo: husaidia ukame unapompiga mmoja. Unapowapiga wote kwa miaka miwili na nusu, hakuna wa kukopesha.

Kuna na kitambulisho. Akaunti ya benki haifunguliwi bila hicho, na kwa miongo kadhaa vijana wa kaunti za mpakani walilazimika kupigwa msasa na kamati maalumu kabla ya kukipata, mzigo ambao mwenzao wa Nyeri au Kisii hakuujua. Masharti hayo ya ziada yaliondolewa na Rais William Ruto mwezi Februari 2025. Ni hatua njema, ila waliokosa malipo kwa kukosa kadi wakati wa ukame wa 2021 na 2022 hawatalipwa tena.

Swali linalobaki ni la pesa zenyewe. Katiba imeikabidhi serikali kuu na serikali za kaunti jukumu la kushughulikia majanga, na jukumu la wawili mara nyingi huishia kuwa yatima. Kila upande una kisingizio. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuweka hazina ya dharura isiyozidi asilimia mbili ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Marsabit, ambayo imekuwa ikipokea mgao wa kitu kama Sh7.2 bilioni kwa mwaka, ingepata hapo karibu Sh145 milioni. Zikigawanywa kwa wakazi wote, ni takriban Sh315 kwa kila mtu. Gavana yeyote atakayewaambia wapigakura kwamba atakabiliana na ukame mkubwa kwa fungu hilo anawahadaa, na serikali kuu inayomsukumia mzigo huo inajua hivyo.

Serikali kuu nayo huteta kwamba bajeti hubana. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mvua za vuli zikikosa kunyesha kufikia Desemba, pesa zimekwisha kugawiwa wizara, na bajeti ya ziada hupelekwa Bungeni miezi kadhaa baadaye. Lakini kisingizio hiki hakina miguu. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu Hazina kutumia pesa ambazo hazijaidhinishwa, kisha iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Kifungu hicho kimetumiwa mara nyingi kwa mambo ambayo hayakuwa na haraka ya mbuzi anayekufa. Isitoshe, kanuni za kuunda Hazina ya Kitaifa ya Dharura za Ukame zilitayarishwa mwaka 2021. Mwaka huo huo, Septemba 8, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa, misimu miwili ikiwa imeshapita patupu.

Tangazo hilo lilisifiwa. Hata hivyo, mpango uliobuniwa 2013 ulikusudiwa kuondoa kabisa haja ya kungoja tangazo. Ikiwa serikali inasubiri rais atamke ndipo pesa zitoke, setilaiti imegeuzwa pambo.

Kilichozifanya akaunti zile zisubiri bila kujazwa ni jambo ambalo Nairobi haipendi kulikiri. Malipo ya dharura ya 2015 hadi 2017 yalitegemea sana mfuko wa Uingereza. Uingereza ilipunguza kiwango cha misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato lake mwaka 2021, katikati ya ukame, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itakishusha hadi asilimia 0.3 kufikia 2027. Marekani ilivunja shirika lake la USAID mwaka huo huo wa 2025. Mtandao wa tahadhari za njaa wa FEWS NET, uliotegemea pesa hizo, ukazimika kwa miezi kadhaa. Kenya imekuwa na mfumo wa kupigiwa mfano uliojengwa juu ya mkoba wa mtu mwingine, na mwenye mkoba ameondoka.

Kwa hivyo wanaojadili kama pesa zilipwe kwa kadi ya benki au kwa simu, au kama kielezo kiwe 20 au 25, wanajadili rangi ya mlango wa nyumba isiyo na paa. Uamuzi mmoja ndio utakaopima nia ya serikali: je, Hazina ya Dharura za Ukame itatengewa kiasi maalumu katika kila bajeti, hata mwaka ambao mvua imenyesha na hakuna anayelia? Mwaka wa neema ndio mwaka mgumu kutenga pesa hizo. Mvua kubwa za El Nino zilipofika mwishoni mwa 2023, na mafuriko ya 2024 yalipoua zaidi ya watu 200 nchini, macho ya wapangaji yaligeukia mabwawa na madaraja, na ukame ukasahaulika kwa haraka ya kustaajabisha.

Bajeti husomwa Juni. Kufikia wakati huo wafugaji wa Marsabit huwa wameshajua kama mvua za masika zimewapa nyasi za kuwafikisha Oktoba au la, na huwa wameanza kuamua nani ahamie wapi, mnyama gani auzwe na yupi abaki. Wao hufanya hesabu hiyo kila mwaka, iwe kuna ukame au hakuna.